Kabla ya kuuliza bei, uliza kinakula nini

Ndugu msikilizaji, basi linapoingia stendi ya Korogwe, kabla halijasimama sawasawa, wachuuzi huwa wamekwisha lizingira. Huyu ana machungwa, yule ana mayai ya kuchemsha, na wa tatu amebeba ubao uliotundikwa spika za masikioni za kila rangi. Safari moja nilikaa kiti kimoja na mzee aliyekuwa akirudi kwao Handeni. Kijana mmoja akamwonyesha spika zisizo na waya, ndani ya kikasha chake cheupe.

Mzee alikipokea kile kikasha, akakigeuza huku na huku, kisha akauliza: "Mjukuu wangu, hii inakula nini?"

Kijana akacheka. "Haili kitu babu, unachaji tu. Elfu kumi na tano, orijino."

"Kama inachajiwa, basi inakula," mzee akamjibu, akamrudishia.

Abiria tulicheka, na mimi nilicheka kwa sauti kuliko wote. Kisha nikanunua za kwangu, za waya, kwa shilingi elfu tatu. Kabla hatujafika Handeni upande wa kushoto ulikwisha nyamaza. Mzee aliniona nikiuzungusha waya, akatazama dirishani, hakusema neno.

Nimelifikiria sana swali lake tangu siku ile. Leo vijana wengi wanatafuta hedifoni nzuri kwa bei nafuu, na wanashauriana wapi pa kununua. Ni jambo jema. Lakini historia ya vyombo vya kusikilizia katika sehemu zetu hizi inatufundisha kwamba bei inayotajwa dukani haijawahi kuwa bei kamili. Chombo kina bei ya kukinunua, na kina bei ya kukilisha. Muuzaji hutangaza ya kwanza, ya pili mnunuzi huigundua nyumbani.

Tuanze mbali kidogo. Reli ya kutoka Tanga ilifika Korogwe mwaka 1902, wakati wa Wajerumani, na ikaendelea hadi Mombo mwaka 1905. Pamoja na reli yakaja mashamba ya mkonge, na pamoja na mkonge wakaja vibarua kutoka pande zote za nchi na nje yake. Penye mshahara hapakosi duka. Handeni haikupitiwa na reli. Mtu wa Handeni aliyetaka kitu cha dukani alikifuata, au alimngoja mchuuzi amletee, na kila kilometa ikaongeza bei. Kutoka Korogwe mpaka Handeni ni kilometa zipatazo 65. Ndiyo maana watu wa huko walijifunza mapema kuuliza maswali ambayo watu wa relini hawakuyauliza. Kitu kikiharibika Korogwe, unarudi dukani. Kikiharibika Handeni, ni safari.

Chombo cha kwanza cha kusikilizia kilichoenea mikononi mwa watu wa pwani na bara yake kilikuwa gramafoni. Siti binti Saad alipokwenda Bombay mwaka 1928 kurekodi nyimbo zake, na sahani zake zikaanza kuuzwa Afrika Mashariki, gramafoni ilipata maana mpya: sasa ilisema Kiswahili. Chombo hicho hakikuhitaji umeme wala betri, ulikizungusha kwa mkono. Basi kilikula nini? Kilikula sindano. Sindano za chuma ziliuzwa kwa vikopo, na watengenezaji walishauri ibadilishwe kila upande wa sahani unapomalizika. Aliyebana matumizi akairudia ile ile alichimba mifereji ya sahani yake mpaka sauti ikawa mkwaruzo. Hapo utaona kwamba kunyima chombo chakula chake nako kuna gharama.

Ikaja redio. Redio za mwanzo zilitumia vali, vitu vya kioo mfano wa globu ndogo, ambavyo lazima vipate moto ndipo vifanye kazi. Nyumba isiyo na umeme ililazimika kununua betri kubwa, nzito, na ghali. Mwaka 1949 kampuni ya Uingereza ya Ever Ready ilitengeneza redio maalumu kwa ajili ya Waafrika wa Rhodesia ya Kaskazini, ambayo leo ni Zambia, kwa rai ya Harry Franklin, mkuu wa idara ya habari ya serikali ya kikoloni ya huko. Ili kupunguza gharama, mitambo yake iliwekwa ndani ya umbo la sufuria, na watu wakaiita hivyo hivyo, redio ya sufuria. Bei yake ilikuwa pauni 5. Betri yake ilikuwa pauni 1 na shilingi 5, na ilidumu kwa saa 300 hivi.

Sasa tupige hesabu, maana hesabu ndiyo mwalimu. Pauni 5 ni shilingi 100 za wakati ule, na betri ni shilingi 25. Mtu akisikiliza saa mbili na nusu kwa siku, saa 300 zinakwisha kwa siku 120, yaani miezi minne. Kwa mwaka atanunua betri tatu, shilingi 75. Mwaka wa pili haujaanza sawasawa, na redio imekwisha kula robo tatu ya bei yake. Waswahili husema rahisi huvunja upishi. Sufuria ile haikuvunja upishi, kwa maana ilikuwa redio njema, lakini ilifundisha watu kwamba mwenye kununua sufuria ajiandae pia kununua kuni.

Kwetu Tanganyika, Sauti ya Dar es Salaam ilianza mwaka 1951, na mwanzoni ilisikika mjini na jirani tu. Mwaka 1956 likaundwa Shirika la Utangazaji la Tanganyika. Mwaka 1957 BBC ilianza idhaa yake ya Kiswahili kutoka London. Hapo mtu wa Magunga au wa Kabuku alikuwa na sababu ya kutamani redio, kwani dunia ilianza kumwongelesha kwa lugha yake.

Kilichomwezesha kuipata ni kitu kidogo kuliko punje ya hindi. Desemba 1947, katika maabara ya Bell huko Marekani, ilivumbuliwa transista, iliyofanya kazi ya vali bila kupashwa moto. Mwaka 1954 Wamarekani walianza kuuza redio ya transista ya mfukoni, Regency TR-1, kwa dola 49.95. Mwaka uliofuata Wajapani, kampuni iliyokuja kujulikana kama Sony, wakatoa ya kwao. Katika miaka ya 1960 redio za transista zilifika vijijini. Hazikudai tena betri zito la kubebwa kwa mikono miwili. Zilikula betri za tochi.

Mwaka 1966 kampuni ya Kijapani ya Matsushita ilianzisha kiwanda Dar es Salaam, na betri za National zikawa bidhaa ya hapa hapa nchini. Jambo hili lilikuwa na uzito mkubwa. Chakula cha redio kilipatikana kwenye duka lile lile la sabuni na chumvi.

Lakini tusisahau kejeli moja ya wakati ule. Mwaka 1964 kituo cha umeme cha Hale, hapa hapa Korogwe, kilianza kufua megawati 21 kwa maji ya mto Pangani. Umeme ule ulikwenda Tanga na Dar es Salaam. Nyaya zilipita juu ya mashamba ya watu ambao walikaa chini yake wakisikiliza habari za taifa kwa betri nne za tochi.

Na betri zile zilitunzwa! Nani katika umri wangu hakumwona baba au mjomba akianika betri juani juu ya bati? Joto huzifufua kidogo, zikasukuma taarifa ya habari ya saa mbili usiku kabla hazijalala tena. Wengine walizipanga betri zilizochoka, sita au nane, ndani ya kipande cha mwanzi au karatasi gumu, zikasaidiana kama wazee wanaobeba gogo. Redio haikuachwa ikisema peke yake. Habari zikimalizika, kidude kiligeuzwa.

Katika maboksi ya redio nyingi za transista kulikuwa na kitu kingine: kispika kimoja cha sikio, rangi ya maziwa, chenye waya mwembamba. Wengi walidhani ni cha anasa, au cha kuwasikilizia wakubwa wasitaka kusumbua watu. Kumbe kilikuwa chombo cha kubana matumizi. Spika kubwa huhitaji nguvu ya kusukuma hewa ya chumba kizima. Spika ya sikioni husukuma hewa ya tundu la sikio tu. Kwa hiyo sauti hupunguzwa, na betri hudumu zaidi. Aliyejua siri hiyo alisikiliza wiki kadhaa zaidi kwa betri zile zile.

Hedifoni nazo zimekuwa chombo cha kubana nguvu tangu zamani. Mwaka 1910 Mmarekani Nathaniel Baldwin wa Utah alitengeneza jikoni kwake hedifoni zenye usikivu mkubwa, akazipeleka kwa jeshi la wanamaji la nchi yake, ambalo lilihitaji kunasa alama hafifu za redio kutoka baharini. Kitu chema cha sikioni, tangu mwanzo wake, ni kile kinachofanya mengi kwa nguvu kidogo.

Hata hivyo njia iliyo nafuu kuliko zote haikuwa ya sikio moja. Mwaka 1973 serikali iliendesha kampeni ya Mtu ni Afya. Watu walikusanyika kwa vikundi, wakasikiliza kipindi cha redio, wakasoma kitabu chao, wakajadiliana, kisha wakaenda kuchimba vyoo na kufyeka vichaka. Inakadiriwa kwamba washiriki walifikia milioni 2, katika vikundi vipatavyo 75,000. Gawanya mwenyewe: ni watu kama 27 kwa kila kikundi. Betri nne, masikio 54. Sijaona duka lolote, la hapa au la ng'ambo, linaloweza kushinda bei hiyo.

Kisha ikaja miaka ya dhiki. Baada ya vita vya Kagera vya 1978 na 1979, fedha za kigeni zilikauka, na maduka yakabaki na rafu tupu. Sabuni ilikuwa ya foleni, na betri vilevile. Redio nzima zilikaa kabatini zimenyamaza, wala hazikuharibika. Zilikuwa na njaa. Magendo yakashamiri, na mwaka 1983 serikali ikaendesha msako dhidi ya wahujumu uchumi. Mwaka 1984 bajeti ililegeza masharti, wenye fedha zao nje wakaruhusiwa kuleta bidhaa. Kuanzia hapo, na hasa baada ya Mzee Mwinyi kushika uongozi mwaka 1985, redio kaseti zikamiminika kupitia Dubai na Zanzibar.

Humo ndimo ilimokuja Walkman. Sony waliitoa Japani tarehe 1 Julai 1979 kwa yeni 33,000. Ilikula betri mbili ndogo, na hedifoni zake zilikuwa nyepesi ajabu. Jambo ambalo watu wengi hawalijui ni kwamba ya kwanza ilikuwa na matundu mawili ya pini, ili watu wawili wasikilize pamoja. Watengenezaji waliona aibu kidogo kumfungia mtu dunia yake peke yake. Wateja hawakuona aibu hiyo, na matoleo mengi ya baadaye yakabaki na tundu moja.

Walkman pia ilituletea balaa la bidhaa za kuiga. Ziliuzwa za majina yanayofanana na Sony kwa herufi tatu kati ya nne. Tangu wakati huo hatujapumzika. Tarehe 16 Juni 2016 Mamlaka ya Mawasiliano ilizima simu bandia nchini, na watu wengi wakagundua asubuhi kwamba walichonunua kwa bei ya kutupa kilikuwa kweli cha kutupa. Simu ziliweza kuzimwa kwa sababu kila moja ina namba yake ya utambulisho. Spika za masikioni hazina namba ya kuzizima. Ulinzi wake ni macho na masikio ya mnunuzi.

Mwaka huo huo wa 2016 kampuni ya Apple ya Marekani iliondoa tundu la pini kwenye simu yake mpya, na mwaka 2020 ikaacha kuweka spika za masikioni ndani ya boksi. Kampuni nyingine zikafuata. Uamuzi wa California ukafika kwenye ubao wa kijana wa stendi ya Korogwe: sasa spika zinanunuliwa mbali, na nyingi hazina waya. Hapo swali la mzee wa Handeni linarudi na nguvu mpya.

Spika ya waya haina betri. Inakula kidogo kutoka kwenye simu, basi. Spika isiyo na waya ina betri tatu: moja kila upande na moja kwenye kikasha. Ni za lithiamu, na lithiamu huchoka kadiri inavyochajiwa. Baada ya kuchajiwa mara mia kadhaa, ile iliyokuwa ikidumu saa nne itadumu mbili. Betri ya National iliyokwisha ulitoa, ukatia nyingine. Hii imefungiwa na gundi, hakuna fundi wa Manundu atakayeifungua ikabaki nzima. Ikifa, kitu chote kimekufa. Huwezi hata kuianika juani, na usijaribu, kwa maana lithiamu na joto kali ni hatari.

Simaanishi kwamba ni mbaya. Kwa bodaboda anayepokea simu, au fundi cherehani asiyetaka waya mezani, zina faida yake. Nasema ziingizwe kwenye hesabu. Tuchukue mfano. Spika za waya za shilingi elfu tano zinazokatika kila baada ya miezi miwili zitakugharimu shilingi 30,000 kwa mwaka mmoja na miezi kumi na miwili ijayo tena 30,000. Nzuri za shilingi 40,000 zikidumu miaka miwili, umeokoa shilingi 20,000 na umesikia vizuri wakati wote. Aliyenunua za rahisi alilipa mara moja na nusu ili asikie vibaya.

Wajerumani walilielewa jambo hili mapema. Mwaka 1968 kampuni ya Sennheiser ilitoa hedifoni iitwayo HD 414, nyepesi, yenye sponji za njano. Waya wake uliweza kuchomolewa na kubadilishwa, na sponji pia. Ziliuzwa zaidi ya milioni 10. Kwa hiyo ukitaka nafuu ya kweli, tafuta ile ambayo waya unachomoka, au sponji zinauzwa peke yake. Hata iliyotumika, ikiwa ya aina hiyo, inaweza kuwa bora kuliko mpya ya kutupa, mradi uisafishe.

Unapokuwa mbele ya muuzaji, usiwe na haraka. Chomeka kwenye simu yako mwenyewe na usikilize wimbo unaoujua, kwanza sauti ya mtu, kisha ngoma. Sauti ya mtu ikitoka puani, acha. Kunja waya taratibu karibu na pini, maana shingo hiyo ndiyo hukatika kwanza. Sauti ikikatika na kurudi, acha. Soma jina herufi kwa herufi. Omba risiti, na uliza ukirudi kesho utamkuta nani. Anayekataza kujaribu amekwisha kujibu. Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza.

Nimebakiza chakula cha mwisho, kilicho ghali kuliko vyote. Spika mbovu, hasa ndani ya basi linalounguruma, humlazimisha mtu kupandisha sauti mpaka mwisho. Shirika la Afya Duniani linashauri kwamba mtu mzima asizidishe saa 40 kwa wiki kwa sauti ya desibeli 80. Sauti ikifika desibeli 90, saa hizo 40 zinashuka hadi saa 4 kwa wiki nzima. Ni safari moja ya kutoka Korogwe kwenda Dar es Salaam, na wiki yako imekwisha. Mwaka 2015 shirika hilo lilikadiria kwamba vijana bilioni 1.1 duniani wako katika hatari ya kupoteza usikivu kwa namna hii. Zile chembe za ndani ya sikio zikifa hazioti tena.

Gramafoni ilikula sindano, na sindano ziliuzwa. Redio ilikula betri, na hata zilipoadimika tulizianika. Spika mbovu inakula sikio, na sikio halipo katika duka lolote, si Handeni, si Korogwe, si Dubai. Kwa hiyo bei nafuu ni ile inayokuachia masikio yako yakiwa mazima baada ya miaka ishirini.

Yule mzee alishuka Handeni na fimbo yake na mfuko wa machungwa. Mimi nilishuka na spika ya upande mmoja. Kati yetu wawili, ndugu msikilizaji, ni yeye aliyefanya biashara njema siku ile.

Hadi wiki ijayo, tuwe na masikio mema.